Mhariri, chumvi nayo ifunikwe

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 63, mkaazi wa Langoni hapa Amu, na kazi yangu ni upishi. Nimepika nyumbani, nimepika harusini, nimepika matangani, tangu siku nilizokuwa nikimshikia marehemu mama upawa naye akionja mchuzi. Gazeti lenu huletwa na mwanangu akipanda kutoka forodhani, na likifika mkononi mwangu naanza na ukurasa wa mapishi. Siasa huzisoma baadaye.

Majuma mawili yaliyopita mlitoa maelezo ya samaki wa kupaka. Maelezo yalikuwa mazuri na sina la kuongeza. Kilichonikera ni picha. Pembeni mwa jiko la makaa, karibu kabisa na sufuria inayofuka mvuke, palikuwa na bakuli la chumvi lililoachwa wazi, na vidole vya mpishi vimo ndani yake, vidole vile vile vilivyotoka kumchanja samaki mbichi. Niliitazama picha ile nikaliona jiko langu la miaka ishirini nyuma. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Watu husema chumvi haiozi. Ni kweli, haiozi. Iache pakavu miaka na mikaka, utaikuta chumvi. Nadhani ni kwa sababu hiyo tukaidharau. Maziwa tunayachemsha, samaki tunamtia barafu, unga tunauchekecha tukitafuta dudu, hata majani ya chai yana kopo lake. Chumvi, ambayo inaingia katika kila chungu kinachopanda mekoni, huachwa katika mfuko uliokatwa pembe kwa meno na kusukumwa nyuma ya mtungi.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya kizamani, na jiko liko juu kabisa chini ya makuti ili moshi upate pa kutokea. Ukutani, hatua moja kutoka mekoni, mna kidaka, na ndani ya kidaka hicho mama aliweka kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikang'aa, akatia munyu wake humo. Munyu ndilo jina alilolitumia yeye. Chumvi tumeizoea sisi wa shule. Nikaurithi mtindo ule bila kuuliza. Wakati wa kaskazi hakuna tatizo kubwa. Ikiingia kusi na mvua za masika, mwezi wa nne na wa tano, kifuu hulia maji.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa nyingi na tulikwenda Matondoni kwenye msiba, tukakaa siku tatu. Tuliporudi, chumvi ilikuwa imeyeyuka yote, imejaa kifuuni, imemwagika, imetiririka ukutani hadi kwenye mbuzi ya kukunia nazi iliyoegeshwa chini ya kidaka. Chuma cha mbuzi kilikuwa kimevaa kutu nyekundu. Lipu ya kidaka imevimba na kumomonyoka kama mkate uliotoswa chaini. Mbuzi ile ilikuwa ya bibi yangu. Niliisugua kwa ndimu na mchanga mpaka mkono ukaniuma. Kutu ilitoka, lakini meno mawili yalikuwa yamekwisha liwa, na hadi leo inakuna upande mmoja tu.

Binti yangu anafundisha kemia katika shule ya upili, na likizo moja nilimkalisha jikoni anieleze. Hewa, alisema, hubeba maji tusiyoyaona. Ikibeba robo tatu ya maji yote inayoweza kubeba, yaani asilimia 75, chembe ya chumvi safi huanza kuyanywa maji hayo mpaka ijiyeyushe yenyewe. Hewa ikikauka tena, maji hutoka na chembe hubaki zimeshikana. Hilo ndilo bonge. Na sisi wa pwani asubuhi nyingi tunaamka hewa ikiwa imekwisha pita kiwango hicho. Kwa hiyo tukiona bonge tusimlaumu mwenye duka kwamba ametuuzia chumvi mbovu. Hewa imeingia ikatoka, imeingia ikatoka, kwa sababu mlango tumeuacha wazi.

Chumvi ya mawe, ile tunayotia samaki wa ng'onda na achari, hulowa mapema zaidi, na sababu yake iko kule inakotengenezwa. Anayesafiri kati ya Malindi na Lamu hupita sehemu za Gongoni, Marereni na Kurawa, penye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika madimbwi mapana, kisha jua na upepo hufanya kazi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, nazo ni za namna nyingi, si ya kupikia peke yake. Ya kupikia ikiganda, juu yake hubaki maji mazito machungu yenye magnesi, nayo hutakiwa kumwagwa. Chumvi isiyooshwa sawasawa hubaki na kidogo cha maji yale, na magnesi hunywa unyevu hata siku ambayo wewe unaona hewa ni kavu. Ukiweka punje ya chumvi ya mawe ulimini na mwisho wake ukahisi uchungu, ndiyo hiyo. Mimi sasa chumvi ya mawe naiweka mbali, katika ndoo yake yenye mfuniko, na haikutani na chumvi ya mchuzi.

Lakini lililonibadilisha kweli kweli halikuwa kutu wala bonge. Mkaza mwanangu alipokuwa na mimba ya kwanza nilimsindikiza kliniki, na muuguzi akamwuliza, "Nyumbani mnatumia chumvi gani, na mnaiweka wapi?" Nilishangaa. Nilidhani atauliza kuhusu maziwa na mboga. Nikamjibu mimi, kwa sababu jiko ni langu: "Tunatumia chumvi ya duka, mwanangu, na tunaiweka kidakani, karibu na moto, ipate kukauka."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mama, hapo mnaipoteza."

Alinieleza habari za iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Mwili ukiikosa, tezi ya shingo huvimba ikawa rovu, na kwa mama mjamzito hatari ni kubwa kuliko hiyo, maana ubongo wa mtoto aliye tumboni unaihitaji ili ukue sawasawa. Ndiyo maana hapa Kenya sheria imetaka chumvi ya kula itiwe iodini tangu 1978. Nikamkatiza. Nikamwambia sisi ni watu wa bahari, tunakula samaki wa bahari na chumvi ya bahari, iodini tunayo. Akanijibu kwa upole kwamba samaki wa bahari wana iodini, ndiyo, lakini maji ya bahari yakikaushwa ikabaki chumvi, iodini ya maana haibaki humo. Iliyomo katika pakiti imetiwa kiwandani. Na inayotiwa ni kidogo mno: kwa gunia la kilo 50 haijazi hata kijiko kimoja cha chai.

Kitu kidogo namna hiyo, Mhariri, hupotea upesi. Jua hukipunguza, joto hukipunguza, unyevu hukipunguza. Chumvi ikilia maji, iodini huteremka na maji yale chini ya chombo, na mara nyingi maji yale sisi huyamwaga. Kwa hiyo mimi, kwa kuiweka chumvi mekoni ili ikauke, nilikuwa nikiitia joto la makaa na mvuke wa wali kwa pamoja, siku baada ya siku, nyumba ikiwa na mama mjamzito. Nilirudi nyumbani siku ile nikakiondoa kifuu kidakani kabla sijavua buibui.

Nikumbushe pia kwamba chumvi yetu ya kisiwani imekwisha safiri sana mpaka itufikie. Hupakiwa lori hadi Mokowe, ikavushwa kwa mashua, ikapandishwa kwa punda au mkokoteni hadi dukani. Siku ya mawimbi gunia hupigwa na maji. Kuna maduka ambayo huliweka gunia mlangoni juani, mdomo wazi, likapimwa kwa kikombe kuanzia asubuhi hadi magharibi. Ninunue humo, kisha nyumbani niiache wazi tena? Mimi sasa hununua ya pakiti iliyozibwa, naitazama kama imeandikwa kwamba ina iodini, na nikiibonyeza nikahisi imelowa naiacha hapo hapo.

Sasa nije kwenye mikono, kwa kuwa nalo linaniuma.

Mkono wa mpishi una kazi nyingi. Umepaa samaki, umemtoa matumbo, umekata vitunguu, umefuta jasho, umemshika mtoto anayelia. Kisha unaingia chumvini. Nimewahi kumwaga bakuli la chumvi juu ya sinia jeupe jua likiwa kali, katika nyumba nzuri ya watu wasafi, tukaona magamba ya changu mawili, ganda la kitunguu thomu, unywele, na vijidoa vyeusi nilivyovijua mara moja: mavi ya mjusi kafiri. Mijusi wetu hawa hutembea darini na ukutani usiku kucha, na chombo kikiwa wazi hawachagui pa kudondosha. Mwenye nyumba alishika mdomo. Kila siku alikuwa akichota juu juu na haoni kilichoko chini.

Wapo wanaosema chumvi inaua kila kijidudu, ndiyo maana samaki wa ng'onda haozi. Ng'onda haozi kwa sababu chumvi na jua vimemnyonya maji, na vijidudu haviwezi kuzaliana pasipo maji. Kutozaliana si kufa. Vipo vinavyoweza kukaa hai ndani ya chumvi kavu vikisubiri, na ukiitia chumvi ile katika kachumbari, ambayo haipandi moto, umevipeleka moja kwa moja mezani. Chumvi inayoingia katika mchuzi unaochemka ni afadhali. Chumvi ya kachumbari, ya embe mbichi, ya ndimu na pilipili, hiyo ndiyo ya kuangaliwa.

Na hapa niseme juu ya kisahani cha chumvi tunachokiweka juu ya sinia. Tunakula pamoja, watu sita, wanane, kila mmoja anachovya kwa vidole alivyokwisha kulia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na sioni ubaya. Ubaya ni baada ya kula, pale mtu anapokichukua kisahani kile na kukirudisha chumvini kwa kuogopa israfu. Chumvi ile imeguswa na mikono minane yenye mate na mafuta. Mama alikuwa akifanya hivyo, nami nilikuwa nikifanya hivyo, na nimekuta nyumba nyingi zikifanya hivyo hadi sasa. Dawa ni kutia kidogo: weka nusu ya kijiko kisahanini, ikiisha ongeza, ikibaki oshea sufuria. Israfu haimo katika nusu ya kijiko.

Kuhusu chombo, nimejaribu vingi, na huenda majaribio yangu yakamfaa mtu.

Baada ya kifuu nilitumia kopo la bati la maziwa. Lilidumu msimu mmoja. Chumvi na bati havipatani. Kutu ilianzia kwenye mshono wa chini na chumvi ikawa na madoa ya rangi ya chai. Halafu nikachukua chupa ya kioo ya jamu, yenye mdomo mpana. Kioo ni kizuri sana, hakishiki harufu, unaona kilichomo mpaka chini. Lakini mfuniko ulikuwa wa chuma, na baada ya miezi miwili ukaanza kubanduka rangi ndani, kutu ikidondokea chumvini. Chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi nacho nilijaribu, kwa kuwa mfinyanzi alinisifia. Chumvi ilipenya katika udongo ikatoka upande wa nje kama unga mweupe, na baada ya muda chungu kikaanza kumenyuka ganda kwa ganda, kama ile lipu ya kidaka.

Ninachotumia sasa ni chupa ya kioo yenye mdomo unaopitisha mkono, na mfuniko wa plastiki wenye mpira unaobana. Inaingiza nusu kilo kamili, si zaidi. Inakaa katika kabati la mbao upande wa pili wa jiko, mbali na meko, mbali na dirisha la baharini, na mbali na mtungi wa maji. Kabati lina mlango, kwa hiyo hata mwanga haiupati. Ndani ya chupa mna kijiko cha mti, cha ukubwa wa kijiko cha chai, nilichochongewa na fundi wa hapa hapa mtaani. Kijiko kile hakitoki kwenda kokote. Hakikorogi mchuzi, hakionji, hakiendi kwenye sukari. Nikitaka chumvi nachota, namimina kiganjani au kisahanini, nafunga chupa, ndipo nageukia sufuria. Siinamishi chupa juu ya sufuria inayochemka hata kama nina haraka, kwa sababu mvuke ukiingia mara moja utafungiwa humo humo na mfuniko.

Watu wa nyumbani ilibidi niwafundishe, na walichukua muda. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa akitia kijiko cha maji, kilichotoka kuoshwa. Nilimwambia mara tatu. Mara ya nne nilimtilia tone moja la maji chupani mbele ya macho yake nikamwonyesha kesho yake kilichotokea: kidonge kigumu ukubwa wa kunde. Hajarudia.

Chupa ikiisha haiongezwi mpya juu ya zamani. Naisafisha kwa maji ya moto na sabuni, naisuuza, naianika juani mdomo chini juu ya kitambaa safi, siku nzima. Mfuniko naufuta chini ya mpira, maana hapo unyevu hujificha. Kesho yake ndipo naijaza. Siku hiyo moja tunatumia kichupa kidogo cha akiba. Pakiti isiyofunguliwa hukaa katika ndoo kavu pamoja na mchele.

Punje za mchele ndani ya chumvi je? Naulizwa hili kila mara. Zinasaidia, kidogo, chombo kikiwa kimefungwa. Kikiwa wazi mchele nao unalowa na hauna tena pa kuyaweka maji. Mimi hufunga punje kavu kiasi cha kijiko kimoja katika kipande cha melimeli nikakiweka chini ya chupa, nikakibadilisha kila nijazapo. Punje zilizotawanyika sizipendi, zinaingia katika kachumbari na mgeni anazitafuna mbichi.

Na chombo kiandikwe jina. Sukari nyeupe, magadi, hamira, na hata ile dawa ya mende ya unga, vyote kwa mtoto ni kimoja. Nimeona dawa ya mende imewekwa katika chupa iliyofanana na ya chumvi, rafu moja, kwa sababu chupa zilinunuliwa pamoja. Nilizitenganisha mwenyewe kabla sijaketi, na mwenye nyumba hakukasirika.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Nina presha, na daktari aliniambia nipunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Zamani, kwa kuchota kwa vidole kutoka kifuuni, sikujua natumia kiasi gani. Ikilowa inashikana na vidole, ikikauka inapukutika. Nilipoanza kutumia chupa ya nusu kilo na kijiko kimoja, nikaandika tarehe kwa kalamu kwenye kipande cha plasta nikakibandika ubavuni. Nyumbani tuko wanne. Wanne kwa gramu 5 ni gramu 20 kwa siku, basi nusu kilo inatakiwa ikae siku 25 kwa uchache, na kwa kuwa wawili ni watoto, na mkate na vitu vya dukani vina chumvi yake, inatakiwa ikae zaidi. Chupa ya kwanza ilikaa siku 13. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Sasa inakaa siku 30, wakati mwingine 32, na wajukuu hawajalalamika kwamba mchuzi hauna ladha, kwa sababu nimezidisha ndimu na bizari.

Harusini ni vile vile. Miaka ya nyuma nilipewa chumvi ya pale pale na wenye shughuli, katika mfuko uliokwisha lowa, nikaivunja kwa mwiko nikaitia katika sufuria ya pilau ya kilo 20 za mchele. Bonge moja halikuyeyuka. Lilizama likakaa upande mmoja wa sufuria, na sinia lililopakuliwa upande huo lilikwenda kwa wazee waliokaa karibu na bwana harusi. Walikula kidogo, wakanywa maji mengi, hawakusema neno kwa heshima. Mimi nilijua nilipoonja ukoko. Tangu siku ile naipima chumvi nyumbani kwangu kwa mizani, naifunga katika vyombo vya plastiki vyenye mifuniko, kimoja kwa kila sufuria, na naifikicha kwa mkono mkavu kabla haijaingia majini.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni mambo mawili. Mnapoandika mapishi, acheni kuandika "chumvi kiasi". Andikeni kijiko kimoja cha chai, au nusu, ili msichana anayeanza upishi apate pa kushika. Na mpiga picha wenu akija tena jikoni kwa mtu, amwombe mpishi afunike chumvi, au aionyeshe chupa ikiwa na kijiko chake. Wasichana wengi hujifunza kwa macho.

Na kwa wenye viwanda vya chumvi, iwapo wanasoma: pakiti zenu zikishakatwa hazifungiki tena. Wekeni mdomo unaojibana, kama ule wa pakiti za maziwa ya unga. Si kila nyumba ina chupa ya kioo, na wale wasio nayo ndio wanaoihitaji iodini ile ifike mpaka kijiko cha mwisho.

Mvua zimeanza huku tangu Jumatatu. Chupa yangu niliijaza Jumanne, tarehe imeandikwa, na asubuhi hii chumvi ilikuwa ikimiminika kama mchanga wa Shela.

Mama mpishi,
Langoni, Lamu